Muhuri wa Tatu

Ko. Ko. Ko.

Visigino juu ya vigae. Vilitoka mbali, upande wa jikoni, vikaja bila haraka, kama vya mtu anayejua kuwa anayemsubiri hana pa kwenda.

Kamshat hakugeuka. Yuko palepale tulipomwacha Jumapili iliyopita: katikati ya ukumbi mtupu wa sherehe, viti vimepinduliwa juu ya meza, karatasi ya kituo cha kazi iko mkononi. Kazi: kufagia na kufuta sakafu. Hilo alilijua tangu asubuhi. Lakini mstari wa chini, ule wenye herufi ndogo, ndio kwanza alikuwa ameusoma.

Mfanyakazi ameombwa na mwajiri kwa jina.

Kwa jina! Si bahati mbaya. Si kosa la kompyuta. Mwenye ukumbi huu alikwenda kituoni akasema, nataka Kamshat, nipeni Kamshat anifutie sakafu. Na mwenye ukumbi huu ni mama wa kijana anayemwoa binti yake!

Visigino vikasimama nyuma yake.

"Mkwe wangu!" Sauti ilikuwa tamu kupita kiasi. "Mbona umesimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme? Kaa, kaa!"

Kamshat akateremsha kiti kimoja, akakaa. Dametken, mwenye ukumbi, akateremsha kiti kingine kutoka juu ya meza, akaketi mbele yake, akaagiza chai. Rabiga, mpishi, alipenyeza birika kwenye kidirisha cha jikoni bila kuinua macho.

"Mkwe mwenzangu," Kamshat alianza, "kituo kimenituma kwako nifagie."

"Najua."

"Mimi. Nifagie kwako."

"Kazi ni kazi. Au mikono ya mgodini haishiki ufagio?"

Jikoni kijiko kilianguka.

Kwa wale waliochelewa kuungana nasi, niwaeleze kwa ufupi, kisha tuendelee. Miaka kumi na tisa Kamshat aliendesha lifti ya mgodi, Shimo Namba Nne. Kila zamu wanaume mia tatu walishuka chini ya ardhi na kupanda tena kwa mkono wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvunjika kidole. Shimo likafungwa. Mwendesha lifti akawa jina kwenye daftari la wasio na kazi, anapokea posho, anasubiri theluji iyeyuke. Kwa nini theluji? Kwa sababu ikiyeyuka Shimo Namba Saba linafunguliwa, na walioko kwenye daftari ndio wataitwa kwanza. Jina likifutwa, kiti chake cha lifti kinakaliwa na mwingine mpaka afe.

Na jina hufutwa kirahisi. Ukipewa kazi unapewa karatasi yenye mistari mitatu chini. Amekubaliwa: unakuwa mfagiaji, jina linafutwa. Amekataa: huo unauandika mwenyewe, jina linafutwa na posho inakatwa siku hiyohiyo. Nafasi imejazwa: huo tu, ukipigwa muhuri na mwajiri, ndio unaokurudisha kwenye daftari ukiwa mzima.

Nusu ya mji wetu inaishi kwa muhuri wa tatu. Unamfuata mwajiri na kopo la siagi au chupa ya maziwa ya farasi, yeye anacheka, anapiga muhuri, unakwenda zako. Tusijifanye hatujui. Ufagio unalipa tenge elfu themanini na tano kwa mwezi. Posho ya Kamshat ni elfu mia moja thelathini na tano. Waheshimiwa walioiita hiyo "kazi inayofaa" waje waifanye wao!

Kamshat aliweka karatasi na kalamu mezani, akatoa kopo la siagi mkobani, akaliweka kando yake.

"Nipigie muhuri wa tatu, mkwe. Nikuondokee, tusahau kama ilitokea."

"Siagi ya ng'ombe wako?"

"Ya ng'ombe wangu."

"Hujambo kwa siagi." Dametken akalisogeza kopo pembeni kwa kidole kimoja. Kisha akainua birika, akammiminia chai.

Akamimina. Akamimina. Akamimina mpaka chai ikapanda ukingoni na kusimama hapo ikitetemeka.

Kwetu mgeni wa heshima hutiliwa chai kidogo, ili kikombe kirudi kwa mwenyeji mara kumi na mazungumzo yarefuke. Kikombe kilichojaa hapewi mkwe. Hapewi hata jirani. Hupewa mtu anayeambiwa: kunywa, utoke.

Damu ilimpanda Kamshat mpaka kwenye nywele. Hakukigusa.

"Nitakupigia," alisema Dametken. Akatia mkono mfukoni, akautoa muhuri, akausimamisha mezani baina yao. "Sasa hivi. Mbele ya macho yako. Wewe nipe hereni."

"Hereni zipi?"

"Nilizomvisha mwanao."

Mafuta yalikuwa yakichemka jikoni.

Miezi miwili iliyopita mwanamke huyu alikuja nyumbani kwa Kamshat na jamaa kumi na wawili, akamvisha Torgin hereni za fedha kwa mkono wake mwenyewe, peremende zikarushwa, watoto wakaziokota chini ya meza. Hereni zikishaingia masikioni, binti ana mwenyewe. Zikirudishwa na mama wa binti, uchumba umekufa, na waliouua ni upande wa binti.

"Kuna msichana mwingine," Kamshat alisema polepole.

"Wa mjini. Baba yake anakaa ofisi inayotoa vibali. Mimi nataka kujenga ukumbi wa pili, mkwe. Mwanao ni mzuri, simkatai. Lakini uzuri haupigi sahihi kwenye vibali."

"Mwanao Nurtas anajua?"

"Nurtas yuko visima vya mafuta, zamu ya siku kumi na tano, simu haishiki. Akirudi atakuta mmeshavunja ninyi."

"Vunja wewe! Mwanao, uchumba wako, vunja!"

"Nivunje vipi?" Kwa mara ya kwanza utamu ulimtoka Dametken. "Mume wangu alikula ini na mkia wa kondoo wa kufunga uchumba nyumbani kwako! Amelishwa, amemeza, ndugu zake wote wanaangalia. Tukivunja sisi hataweza kukaa na wazee wenzake mpaka anaingia kaburini. Lakini hereni zikiletwa na wewe, nani atamlaumu? Watakuonea huruma. Watasema maskini, mgodi umemchanganya akili."

"Rudia," alisema Kamshat.

"Nini?"

"Ulichosema. Rudia."

Mgodini lifti haisogei kwa ishara moja. Chini wanagonga kengele, juu mwendeshaji anawagongea ileile, chini wanagonga tena. Ndipo mkono unagusa usukani. Miaka kumi na tisa ya hivyo hugeuka tabia.

"Mitambo imekuharibu masikio?" Dametken akapaza sauti, kila neno peke yake, kama anayezungumza na mtoto. "Nimekuomba kwa jina makusudi. Ukikubali kazi, utafuta sakafu hii siku ya harusi ya mwanao, wageni wakikuruka na viatu. Ukikataa, posho hakuna na mgodini hurudi. Ukinipa hereni, nakupigia muhuri. Umesikia sasa?"

"Nimesikia."

Na si yeye peke yake. Kwenye kidirisha cha jikoni vichwa viwili vilikuwa vimesimama, cha Rabiga na cha msaidizi wake, midomo wazi.

Simu ya Kamshat ikalia. Alikuwa Berdibek, karani wa kituo.

"Mama Kamshat, karatasi yako iko wapi?"

"Niko kwa mwajiri, mwanangu."

"Ni saa sita na nusu. Saa saba mlango nafunga, na leo ndiyo siku yako ya mwisho. Usipofika, kompyuta itaandika yenyewe kuwa umekataa. Mimi sitaweza kuizuia, wallahi."

"Nakuja."

"Kimbia basi, mama!"

Dametken alitabasamu. Alikuwa amesikia kila neno.

"Nusu saa. Kutoka hapa mpaka kituoni dakika kumi na tano kwa mwendo wako. Kwa hiyo tuna dakika kumi na tano, mkwe."

"Hereni ziko masikioni mwa Torgin. Torgin yuko chuoni. Hata ningetaka, nisingeweza."

"Ah, hilo usijali." Dametken akageuza shingo kuelekea mlangoni. "Nilijua wewe ni mgumu. Nikampigia aliye na huruma."

Mlango ukafunguka, upepo ukaingia na theluji, na katikati ya theluji akaingia Torgin.

Alikuwa amekimbia. Koti halikufungwa vifungo, kofia hana, koti jeupe la uuguzi linachungulia chini.

"Torgin, toka nje!"

"Nimeambiwa yote, Mama. Kwa simu."

"Nimesema toka!"

"Kwamba utadeki ukumbi kwenye harusi yangu! Au jina lako lifutwe! Unadhani nitacheza na kula keki huku naangalia hivyo?" Machozi yalikuwa yameganda mashavuni. "Kila usiku unaota kengele za lifti. Nakusikia kupitia ukuta. Unahesabu usingizini."

"Torgin, mwanangu..."

"Nurtas atanielewa."

Na kabla Kamshat hajainuka, msichana akapeleka mikono masikioni.

"Wee mtoto, usifanye!" Rabiga alipiga kelele kutoka jikoni.

Amechelewa. Hereni zilikuwa zimetoka. Torgin alizitia kwenye kiganja cha mama yake, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

"Mpe, Mama. Mpe tuondoke."

"Vaa!" Kamshat alinong'ona. "Zivae haraka!"

"Hawezi," alisema Dametken, na sauti yake ilikuwa tulivu kama maji yaliyoganda. "Unajua hawezi. Mkono uliovisha ndio unaovisha tena. Akizivaa mwenyewe, ni vipuli tu vya sokoni." Akanyoosha kiganja juu ya meza. Mkono wa pili ukachukua muhuri, ukauleta juu ya mstari wa tatu, ukausimamisha hapo, nusu kidole kutoka kwenye karatasi. "Kwa mkono wako, mkwe. Lazima uwe mkono wako."

Saa ya ukutani: saa sita na dakika arobaini.

Basi fikirini. Mkono wa kushoto wa Kamshat umeshika hereni. Mbele yake kiko kiti chake, kengele zake, wanaume mia tatu wanaosema "asante, mama" kila alfajiri. Afungue vidole tu. Afungue vidole, na mwaka huu theluji ikiyeyuka atakuwa mtu tena!

Alimtazama mwanawe. Masikio ya Torgin yalikuwa mekundu kwa baridi, na kwenye kila sikio kitundu kidogo, kitupu.

Mkono wa kulia wa Kamshat ukainuka. Dametken akatabasamu.

Lakini mkono haukwenda kwenye ngumi ya kushoto. Ulikwenda kwenye kalamu. Ukaivuta karatasi kutoka chini ya muhuri, kwa nguvu, na kwenye mstari wa pili ukaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwenye daftari la zamu:

NINAKATAA.

Akaweka jina lake lote. Na tarehe. Na saa.

Muhuri ulimponyoka Dametken, ukabingirika, ukaangusha kikombe. Chai yote ikamwagika mezani na kutiririka kwenye vigae vyake safi.

"Umefanya nini?"

"Nimekataa kazi."

"Umejifuta mwenyewe! Kichaa wewe! Hakuna posho! Hakuna mgodi!"

"Hakuna. Na wewe huna tena cha kuniuzia."

Ungedhani binti angemrukia mama yake kwa furaha. La! Torgin alikuwa amepauka kama ukuta.

"Mama," alisema. "Mimi nimejivua. Nimejivua kwa ajili yako. Na wewe unaandika hivyo? Nimejivua bure?"

Hapo Dametken akaanza kucheka. Kwanza kidogo, kisha kwa kifua kizima.

"Ijumaa!" alisema akijifuta macho. "Ijumaa ndugu za mume wangu wanakuja kwako kunywa chai na kumtazama bibi harusi. Mmesahau? Watu kumi na nne. Watakuta masikio matupu. Utawaambia nini, mkwe? Panya wamekula? Nilitaka unipe hereni, basi zimetoka bila kunigharimu hata wino wa muhuri! Nani alizivua? Mwanao. Nani ameona? Watu wangu."

Kamshat aligeukia kidirishani.

"Rabiga. Uliyasikia aliyoyasema. Aliyasema mara mbili."

Rabiga aliangalia mikono yake yenye unga. Ana watoto watano na mume asiyeamka kitandani.

"Nilikuwa nakaanga maandazi, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Mafuta yana kelele."

Na kidirisha kikafungwa.

Walifika kituoni zimebaki dakika tatu. Hawakusemezana njia nzima. Torgin alitangulia, mama nyuma, theluji usoni.

Berdibek alisoma karatasi. Akaisoma tena.

"Mama Kamshat. Umekosea mstari."

"Sikukosea."

"Mwanamke huyu ni mkwe wako, si angekupigia tu... Mama, nikibonyeza hapa hairudi. Hata mkuu wangu hawezi kuirudisha."

"Bonyeza."

"Mkutano wa kuajiri wa Namba Saba ni mwezi wa nne. Wewe ulikuwa wa pili kwenye orodha."

"Berdibek, bonyeza kabla sijalia."

Akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikatoa kipande cha karatasi. Miaka kumi na tisa ya lifti na miezi yote ya kusubiri, na haikuchukua muda wa kupiga chafya.

"Haya," kijana alisema, macho chini. Akafungua jalada la Kamshat ili alifunge rasmi, akaanza kuchomoa karatasi moja moja. "Sielewi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeandika barua ya kukuomba. Nikasema labda wanataka kukusaidia."

"Mzee gani?"

"Sarsen. Mume wake. Ukumbi uko kwa jina la mzee, barua ya kumwomba mtu kwa jina lazima aisaini yeye. Hii hapa."

Kamshat aliinama kwenye dirisha. Barua ilikuwa imepigwa chapa vizuri. Chini, kwa wino wa buluu, sahihi ndefu yenye mkia. Tarehe ya Alhamisi iliyopita.

Alhamisi iliyopita!

Mji mzima unajua mzee Sarsen alipo. Jumanne ya wiki iliyopita alianguka bafuni. Yuko hospitali ya mkoa, nusu ya kulia ya mwili wake imekufa, analishwa uji kwa kijiko kama mtoto. Juzi Kamshat mwenyewe alikaa kando ya kitanda chake. Mzee alijaribu kumshika mkono na vidole havikujikunja.

"Nipe barua hiyo," alisema.

"Siwezi, mama. Ni ya ofisi."

"Nipe picha yake."

"Nitafukuzwa kazi!" Berdibek akalifunga jalada kwa haraka, akatazama mlango wa mkuu wake, akanong'ona: "Saa saba imefika. Tafadhali. Mimi sijakuonyesha kitu."

Pazia la dirisha likashuka.

Nje, kwenye ngazi za kituo, Torgin alikuwa ameegemea ukuta, mikono imeziba masikio, si kwa sababu ya baridi. Watu wawili walipita, wakamtazama, wakatazamana. Habari ilikuwa imeshatoka jikoni. Mafuta yalikuwa na kelele, lakini si kwa midomo ya watu.

"Umeridhika?" msichana aliuliza bila kumtazama. "Huna kazi. Huna posho. Huna kiti chako. Mimi sina Nurtas. Kila mtu amepoteza, Mama. Umeshinda nini hasa?"

Barua ilikuwa nyuma ya pazia, shahidi yuko nyuma ya kidirisha, mkwe aliye mwema yuko kitandani bila sauti. Kila mlango wa mji huu ulikuwa umefungwa, na Ijumaa ilikuwa siku nne tu mbele.

Alimshika mwanawe mabega, akamgeuza kwa nguvu mpaka nyuso zikakutana. Akasema kwa sauti kubwa, barabara yote isikie, waliopita wakasimama.

"Nisikilize, Torgin. Mimi sijawahi kumwacha mtu chini. Ijumaa, kabla mgeni wa kwanza hajavua viatu mlangoni petu, Dametken atakuja kwetu mwenyewe, kwa miguu yake, atakuomba akuvishe hereni tena kwa mkono wake. Hatatumwa, hatavutwa. Atakuja. Nakuahidi!"